Maombi za Kayi

Simu iliita saa moja na dakika kumi asubuhi nikiwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama karibu na mlango, begi la vifaa nimelikumbatia kifuani. Dada mwenye steshenari ya Sinza hakusalimia.

"Fundi, umebadilisha nywila ya kompyuta yangu?"

Nilikuwa sijagusa kitu. Umeme ulikatika usiku, na UPS ya pale ilishakufa siku nyingi, ikawa meza ya kuwekea vikombe. Kompyuta ikazimika. Asubuhi wamewasha, wameandika nywila ileile wanayoijua, imekataa. Wameandika tena polepole, mmoja anataja, mwingine anabonyeza. Imekataa. Na kwa kuwa wiki hiyohiyo kijana mmoja wa dukani alikuwa ameachishwa kazi kwa ugomvi wa hesabu za fotokopi, mshukiwa wa kwanza alishapatikana. Wa pili nilikuwa mimi.

"Dada, hiyo nywila ina z ndani yake? Au y?"

"Siwezi kuitaja kwenye simu."

"Usiitaje. Niambie tu kama ina z."

Kimya. "Ina z."

"Na alama?"

"Ile a ya kuzungushia."

"Basi penye z bonyeza y. Na ile alama usishike Shift na 2. Shika Alt ya mkono wa kulia, bonyeza Q."

Abiria wa pembeni akanigeukia kama anayemsikiliza mganga akitoa masharti. Nikasikia vitufe vinagonga, halafu sauti ya binti mchapaji kwa nyuma: "Imefunguka!"

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa na umri wa miezi mitatu.

Hii ilikuwa 2017. Kompyuta yenyewe ilikuwa mtumba wa Kariakoo, mashine ya mezani iliyokuja na kibodi yake kutoka Ujerumani. Wajerumani pale tulipozoea Y wameweka Z, na pale pa Z wameweka Y. Tulihamia mfumo wa Linux kwa sababu flashi za wateja zilikuwa zinaleta virusi kila siku. Mtu anakuja kuchapisha CV anaondoka ametuachia ugonjwa, folda zote zimegeuka njia za mkato. Nikaweka Xubuntu 16.04, Linux nyepesi, mashine ile iliimudu vizuri. Wakati wa kuiweka iliniuliza mpangilio wa kibodi. Nikatazama kilichoandikwa kwenye vitufe, nikachagua Kijerumani. Nilijiona mtu makini.

Sikumfikiria binti. Binti haangalii vitufe, anaangalia karatasi ya mteja. Vidole vyake vilishajifunza njia zamani. Na y kubadilishana na z kwenye Kiswahili si kosa dogo kama mtu anavyoweza kudhani. "Maombi ya kazi" yanatoka "Maombi za kayi". Ile "kayi" utaiona, inachoma jicho. Lakini "za" utaipita, kwa sababu "za" ni neno halali, limekaa pale linatabasamu. Mteja naye ataipita. Atakayeiona ni mtu mmoja tu, bosi anayechambua barua za waombaji.

Basi nikafungua mipangilio ya eneokazi, nikabadilisha kibodi kuwa ya Kimarekani, nikanunua stika za herufi, nikazibandika juu ya vitufe. Nikalipwa, nikaondoka. Kilichoniponza ni kwamba mashine ile haikuwa inazimwa kabisa. Jioni walikuwa wanazima kioo tu. Nilichobadilisha kilikuwa ndani ya eneokazi la binti, na skrini ya kuingilia inakuja kabla ya eneokazi la mtu yeyote. Yenyewe inasoma faili la mfumo, `/etc/default/keyboard`, na humo bado palikuwa pameandikwa `XKBLAYOUT="de"`. Nilibadilisha kufuli la chumba nikadhani nimebadilisha la geti. Miezi mitatu hakuna aliyepita getini, mpaka umeme ulipokatika.

Nikashuka Shekilango, nikaingia dukani na aibu yangu. Kijana aliyeachishwa kazi nikamsafishia jina kwa sentensi moja. Kama ilimsaidia, sijui. Nikaandika `sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration`, nikachagua Kimarekani, nikahakikisha faili sasa linasema `us`. Hapo ningewasha mashine upya, kazi ingeisha. Lakini binti alikuwa na nyaraka nne wazi, foleni ya wateja inafika barazani, nikaona nisimsumbue. Nikaandika `sudo setupcon` ili mabadiliko yashike palepale. Ikanijibu kwamba haiko kwenye konsoli, yaani skrini ya maandishi matupu, kwa hiyo imeacha kila kitu kama kilivyo.

Ilikuwa inanisaidia. Mimi nikaiona mkaidi. Nikaongeza `--force`.

Ukurasa wa mwongozo wa amri hiyo unasema waziwazi: ukiilazimisha wakati skrini imeshikwa na seva ya X, programu inayochora eneokazi, unaweza kulazimika kuzima mashine kwa nguvu. Niliusoma ukurasa huo. Niliusoma saa tisa alasiri.

Kabla ya hapo nilikuwa kwa mama lishe nyuma ya jengo, nimekata tonge la kwanza la ugali, dogo wa dukani akaja mbio. "Kaka, dada anasema mashine ina mapepo."

Nikakuta kioo cheusi. Binti ameinua mikono kama aliyeunguzwa. Pembeni yake amekaa mzee mwenye kofia na miwani, mkononi ana karatasi iliyochanwa kwenye kaunta buku, imejaa mwandiko. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia bila kuondoa macho kwenye kioo. Juu pameandikwa jina la mashine na tty1, na chini yake hivi:

dukani login: Mkurugenzi Mtendaji,
Password:
Login incorrect

dukani login: DAR ES SALAAM.
Password:
Login incorrect

Ilinichukua muda kuelewa ninachokisoma. Ilikuwa barua ya mzee. Binti alikuwa ameinamia ule mwandiko mgumu, vidole vinakwenda, na kila alipobonyeza Enter mashine ilipokea mstari mmoja kama jina la mtu anayeomba kuingia na mstari uliofuata kama nywila yake. Nywila haionyeshwi, kwa hiyo mstari mmoja unaonekana, mwingine umemezwa. S.L.P. ilimezwa. "YAH: MAOMBI YA KAZI YA UDEREVA" nayo ilimezwa.

"Sasa barua yangu imekwenda wapi?" mzee akauliza.

Nikabonyeza Ctrl, Alt na F7 kwa pamoja. Eneokazi likarudi, barua iko palepale ilipoishia, kishale kinapepesa. Mzee akasema Alhamdulillahi, na mimi nikaitikia kimoyomoyo. Hakuna kilichopotea isipokuwa mistari minne.

"Umebonyeza nini kabla ya hapo?"

Binti akanionyesha. Alitaka kurudi neno moja nyuma kwa Ctrl na mshale wa kushoto, kidole kikaangukia Alt. Akabonyeza tena, kioo kikawa cheusi. Akajaribu kufunga kivinjari kwa Alt na F4: kioo cheusi tena, safari hii juu pameandikwa tty4.

Mtu yeyote aliyefanya kazi na kompyuta za Dar atajua nilichofikiria kwanza. Uchafu. Kibodi za kwetu zinakula vumbi la barabarani, jasho, na chai ya maziwa. Nikadhani kuna kitufe cha Ctrl kimekwama chini, ndiyo maana Alt inafanya kazi ya Ctrl na Alt kwa pamoja. Nikaking'oa kwa ncha ya kisu cha karatasi. Chini nikakuta chembe za sukari, nywele, na pini ya stepla iliyopinda. Nikasafisha kwa spiriti na kijiti cha masikio, nikarudishia. Mzee akanitazama kwa matumaini. Nikabonyeza Alt na mshale. Kioo cheusi.

Hapo nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kushika kisu. Ipo programu inaitwa `evtest`. Unaichagulia kibodi, inakuonyesha kila tukio linalofika kwenye kerneli, kiini cha mfumo, kabla ya eneokazi halijaligusa. Kitufe kikibonyezwa inaandika 1, kikiachiwa 0, kikishikiliwa inarudia 2. Nikabonyeza Ctrl: 1, 0. Nikabonyeza Alt: 1, 0. Hakuna kilichokwama. Kibodi ilikuwa nzima, nimeichokonoa bure mbele za wateja.

Kilichonifungua macho ni ile tty4. Linux ina skrini kadhaa juu ya kioo kimoja, ndizo zinazoitwa teminali pepe. Jina tty lenyewe limetoka kwenye teleprinta, mashine za kuchapa zilizokuwa zinaunganishwa kwa waya, na mpaka leo konsoli ya maandishi ya Linux inaiga VT102, teminali ya kampuni ya DEC. Kwenye Xubuntu ile, F1 mpaka F6 zilikuwa za maandishi na eneokazi lilikaa F7. Ubuntu za siku hizi zenye eneokazi la GNOME zimehamisha: skrini ya kuingilia iko ya kwanza, eneokazi la pili, na aliyezoea F7 anaambulia giza. Ukiwa kwenye eneokazi, kuhama kunataka Ctrl na Alt na F. Lakini ukiwa tayari kwenye konsoli ya maandishi, Ctrl haihitajiki: Alt na F4 inatosha, na Alt na mshale inakusogeza konsoli moja kushoto au kulia.

Kwa maneno mengine mashine ilikuwa inajibu kama tuko kwenye konsoli ya maandishi, ilhali macho yetu yanaona eneokazi.

Nani anashika kibodi? Swali hilo sikuwahi kujiuliza kwa miaka yote niliyokuwa najiita fundi. Kwenye konsoli ya maandishi, kerneli yenyewe ndiyo inayogeuza mibonyezo kuwa herufi. Eneokazi likiwaka, seva ya X inaiambia kerneli inyamaze kwenye konsoli ile, inasoma mibonyezo yenyewe moja kwa moja. `--force` yangu ya saa nne asubuhi iliiambia kerneli ianze kuongea tena, bila X kupewa habari. Ikawa daladala yenye makondakta wawili: mmoja anasema shusha, mwingine anasema twende, na dereva anawatii wote. Kila alichobonyeza binti kilisikiwa mara mbili. Herufi za kawaida hazikuleta shida inayoonekana, kwa hiyo asubuhi nzima hakuna aliyegundua. Mpaka mtu aguse Alt.

Nikafungua teminali, nikaandika `sudo kbd_mode`. Ikajibu kwamba kibodi iko katika hali ya Unicode, yaani kerneli inageuza mibonyezo kuwa herufi. Kwenye eneokazi la X haitakiwi kuwa hivyo. Nikaandika:

sudo kbd_mode -s

Hakuna ujumbe, hakuna mlio. Nikabonyeza Alt na mshale wa kushoto. Kioo hakikutikisika. Nikabonyeza Alt na F4 kwenye dirisha tupu, dirisha likajifunga kiungwana. Amri hiyo inairudisha kibodi kwenye hali ghafi, kerneli haitafsiri tena chochote. Ila ukiipiga ukiwa kwenye konsoli ya maandishi utajifungia nje, kwa sababu hapo kerneli ndiye mtafsiri pekee. Utabonyeza mpaka kucha zitoke. Matoleo ya baadaye ya `kbd_mode` yamewekewa tahadhari: hayabadilishi hali kwa namna ya hatari mpaka uongeze `-f`. Kumbe sikuwa mkaidi peke yangu duniani.

Tangu siku ile nina mazoea mapya. La kwanza, kila mashine ninayoiachia mtu naiwekea seva ya SSH, inayoniruhusu kuiamuru kutoka kifaa kingine, nami nina Termux, programu ya teminali, kwenye simu. Kompyuta ikistaki, kioo kimeganda na kibodi haijibu, naunganisha simu kwenye Wi-Fi ileile ninaingia kwa mlango wa nyuma. `sudo fgconsole` inaniambia konsoli ipi iko mbele, `sudo chvt 1` inanihamishia ya kwanza bila kugusa kibodi. Wakati mwingine `chvt` nayo inaganda, maana X ndiyo iliyoshika konsoli na haitaki kuiachia. Hapo naanzisha upya skrini ya kuingilia kwa `sudo systemctl restart lightdm`, na kazi ambayo haikuhifadhiwa inakwenda na maji. Bora hivyo kuliko kuchomoa waya ukutani.

Taa ya Caps Lock niliacha kuiamini. Mafundi wengi tunaitumia: ikiwaka na kuzima, mashine hai, isipojibu, imekufa. Kwenye eneokazi taa hiyo inawashwa na X. X ikiganda, taa inaganda, na kerneli iko hai kabisa inaendelea na shughuli zake. Ping, ule wito mfupi wa mtandao unaosubiri jibu, kutoka kwenye simu inasema ukweli zaidi.

Kisha kuna ile njia ya SysRq, kitufe kilichokuja na IBM PC AT mwaka 1984, siku hizi kimejificha kwenye Print Screen. Watu wanakariri REISUB, herufi za kubonyeza moja moja ukiwa umeshika Alt na SysRq ili kuwasha upya mashine iliyoganda, kama dua. Alt, SysRq na R inainyang'anya X kibodi na kuirudisha kwa kerneli, yaani kwa makusudi unafanya kile nilichofanya kwa ujinga. Niliijaribu mara kadhaa kwenye Ubuntu isifanye kitu, nikailaumu kibodi. Ukiangalia `/proc/sys/kernel/sysrq` utakuta 176, ambayo ni 128, 32 na 16: kuwasha upya, kuweka diski katika hali ya kusomwa tu, na kuandika kilichobaki kwenye diski. Ruhusa ya kibodi ni 4, na haimo. Mashine za dukani naziwekea 180. Kwenye baadhi ya kompyuta ndogo za mkononi kuna jambo jingine la kipuuzi zaidi: Ctrl, Alt na F3 inapunguza sauti badala ya kuhama, kwa sababu lazima uongeze na Fn. Nimewahi kumaliza nusu saa hapo.

Na dogo wa dukani, aliyeanza kupenda teminali, alinipigia siku moja kwamba imeganda. Alikuwa amebonyeza Ctrl na S "kuhifadhi". Kwenye teminali hiyo ni amri ya kale ya kusimamisha maandishi yasiende mbele, na Ctrl na Q inayaachia. Bahati nzuri alipiga simu kabla hajachomoa waya.

Nirudi kwa mzee. Alikuwa amekwenda kuswali alasiri, akarudi barua yake imeshachapwa. Akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari huku kidole kikifuata maneno. Kidole kikasimama.

"Hapa pameandikwa 'leseni za udereva'. Mimi nina leseni moja."

Nikahisi jasho la mgongoni. Nikavuta kibodi, nikabonyeza y: ikatoka y. Nikabonyeza z: ikatoka z. Nikafungua `/etc/default/keyboard`: `us`. Nikaanza kuandika `kbd_mode` tena, na dada mwenye duka ameshakunja mikono kifuani.

Binti akaichukua ile karatasi ya kaunta buku, akaiweka mbele yetu bila kusema neno. Mstari wa saba, kwa wino wa bluu, mwandiko wa mzee mwenyewe: leseni za udereva.